McClane Alipoacha Kuumia

Die Hard ni mfululizo wa filamu tano za Marekani kuhusu askari polisi mmoja, John McClane, aliyechezwa na Bruce Willis kuanzia 1988 hadi 2013. Ya kwanza huhesabiwa miongoni mwa filamu bora za mapigano zilizowahi kutengenezwa. Ya tano, A Good Day to Die Hard, ndiyo iliyopokelewa vibaya kuliko zote. Katika mji wa Athi River, kaunti ya Machakos, wengi walizijua filamu hizi kupitia mabanda ya video, na kumbukumbu za waliokulia humo zinaeleza vizuri ni kitu gani kilichopotea njiani.

Filamu ya 1988, iliyoongozwa na John McTiernan, ina hadithi nyepesi. McClane, askari wa New York, anasafiri hadi Los Angeles mkesha wa Krismasi ili apatane na mkewe, Holly, anayefanya kazi katika kampuni ya Nakatomi. Kwenye ndege abiria mwenzake anamshauri avue viatu na soksi akifika, akanyage zulia apunguze uchovu. Anafanya hivyo, na wakati huohuo majambazi wa Hans Gruber wanaliteka jengo la kampuni hiyo. Ndiyo maana McClane anapigana karibu filamu nzima akiwa miguu mitupu. Gruber akishaligundua hilo, anaamuru vioo vya ofisi vipigwe risasi. McClane anapita juu ya vigae, anajiburura hadi chooni akiacha michirizi ya damu, kisha anachomoa vipande kimoja kimoja kwenye nyayo huku akizungumza kwa redio na askari Al Powell aliye nje. Anadhani atakufa, na anamtuma amwombee radhi kwa mkewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, banda la video la Athi River lilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni iliyoinuliwa juu, deki na spika mbili zilizosikika hadi barabarani. Nje palikuwa na ubao wa chaki wenye majina ya filamu za siku hiyo, mengi yakiwa yameandikwa kwa makosa. Kiingilio kilikuwa shilingi chache tu. Waliokuja ni vijana waliotoka zamu za viwanda vya saruji na kutoka viwanda vya nguo vya EPZ, eneo la bidhaa za kuuzwa nje, wauza maji, makondakta, na watoto waliokaa chini mbele kabisa. Die Hard ya kwanza ilikuwa na zaidi ya miaka kumi, lakini kwao ilikuwa mpya, na steringi wao, yaani shujaa wa filamu, alikuwa mtu wa aina ambayo hawakuizoea. Steringi wa filamu nyingine alipigwa na umati bila kutoa hata jasho. Huyu aliogopa, alilalamika peke yake gizani, alichoka. Ilipofika sehemu ya vigae vya vioo, watoto waliokaa sakafuni, baadhi yao wakiwa hawana viatu, walikunja miguu na kuzishika nyayo kwa mikono. Kiingereza cha filamu kiliwapita wengi wao. Kidonda hakikuhitaji mtafsiri.

Filamu ya pili (1990) ya Renny Harlin ilihamia uwanja wa ndege wa Dulles, Washington, nayo ilirudia mambo mengi ya ile ya kwanza. Ya tatu (1995) ilimrudisha McTiernan na kumpa McClane mwenzake, Zeus Carver, mwenye duka wa Harlem aliyechezwa na Samuel L. Jackson. Hii ilipendwa sana mabandani, na ilistahili: mabishano ya wawili hao yalifurahisha hata aliyeshika nusu tu ya maneno, na McClane bado ni mlevi mwenye kichwa kinachogonga, aliyesimamishwa kazi na asiyethubutu kumpigia mkewe simu.

Dalili za ugonjwa zilianza na ya nne (2007). McClane anaangusha helikopta kwa gari, kisha akiwa ndani ya lori anapambana na ndege ya kivita barabarani. Hata hivyo ana mapengo yanayomfanya apendeke: ameachana na Holly, binti yao Lucy hataki kutumia jina lake, na haelewi kompyuta ambazo adui anazitumia kuisimamisha nchi.

Ya tano ilitoka Februari 2013, Kenya ikiwa katika kampeni za uchaguzi wa Machi 4. McClane anakwenda Moscow kwa sababu mwanawe Jack, aliyechezwa na Jai Courtney, amekamatwa. Kumbe Jack ni jasusi wa CIA. Filamu ina dakika 98 tu, ilhali nyingine zote zinazidi saa mbili, na kilichokatwa ni muda wa kumfahamu mtu. Baba na mwana wanavunja dirisha la hoteli na kuporomoka ghorofa kadhaa kupitia jukwaa la ujenzi, wanainuka, wanajipangusa. Halafu wanaendesha gari usiku mmoja kutoka Moscow hadi Chernobyl, zaidi ya kilomita 600 na mpaka wa nchi katikati, kama mtu anayetoka Athi River kwenda Machakos mjini. Huko mionzi inaondolewa kwa gesi ya kupuliziwa, na wawili hao wanaingia bila vazi la kujikinga. McClane anazidi kulalamika kwamba yuko likizo, wakati alikwenda kumtafuta mtoto aliyekamatwa. Kosa hilo dogo linauma kuliko milipuko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba hata waliomwandikia maneno hawakukumbuka kwa nini yuko pale.

Sababu moja iko wazi. Filamu nne za mwanzo zilichota kwenye kazi zilizoandikwa bila kumfikiria McClane: ya kwanza kwenye riwaya ya Roderick Thorp ya 1979, ya pili kwenye riwaya ya Walter Wager, ya tatu kwenye mswada wa Jonathan Hensleigh uliokuwa wa filamu nyingine, ya nne kwenye makala ya jarida ya John Carlin. Kila mara palikuwa na tatizo lililosimama peke yake, kisha akatupwa ndani mtu asiyelitarajia. Ya tano, iliyoandikwa na Skip Woods, ndiyo ya kwanza kuandikwa tangu mwanzo kwa ajili ya McClane, na hapo tatizo lilishonwa kwa kipimo chake. Mtu ambaye kila kitu kimeandaliwa aonekane shujaa hana namna ya kuzidiwa. Mwongozaji, John Moore, aliongeza kamera inayotikisika na rangi ya kijivu, hivyo hata mapigano hayaonekani sawasawa. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani kote, kwa hiyo haikuanguka kibiashara. Ilianguka machoni pa waliomfuata McClane miaka yote hiyo.

Kufikia wakati huo, namna ya kutazama nayo ilikuwa imebadilika. Mabanda mengi yalikuwa yakiishi kwa mechi za ligi ya Uingereza, na yaliyobaki na filamu yalitegemea zile zilizosimuliwa upya na wasimuliaji kina DJ Afro, ambao kelele zao zingeweza kuokoa filamu mbovu. Wengine walinunua DVD moja iliyojaa filamu nane au kumi, au waliwekewa kwenye flashi dukani, kisha wakatazama nyumbani. Ni rahisi kudhani kwamba filamu ya tano ilichosha kwa sababu ilitazamwa na mtu mmoja mbele ya skrini ndogo. Dhana hiyo haisimami. Mara nyingi ya kwanza na ya tano zilikuwa kwenye DVD ileile, zikatazamwa na mtu yuleyule usiku uleule, na vioo vya Nakatomi bado vilimfanya akunje miguu.

Filamu ya sita ilipangwa, ambayo ingemrudisha McClane ujanani, lakini haikutengenezwa. Willis alimcheza mara ya mwisho katika tangazo la betri za magari la 2020. Machi 2022 familia yake ilitangaza kwamba anaacha uigizaji kwa sababu ya ugonjwa unaoathiri usemi, na Februari 2023 ikaeleza kwamba ni shida ya akili inayoshambulia sehemu za mbele na za kando za ubongo. Kwa hiyo filamu ya Moscow itabaki kuwa ya mwisho kwa Willis kama McClane.