Mgumba ni Nani?

Kwetu Nyegina ndoa ikifika mwaka wa pili bila mtoto, anayeulizwa ni mke. Ataulizwa kisimani, ataulizwa mnadani, na mawifi watamuuliza huku anapeta mtama. Mume haulizwi. Akileta mke wa pili, watu husema amejitahidi. Basi ndugu msomaji, kumpima mwanamume nyumbani si jambo geni kwetu. Tunampima siku zote, ila kipimo chetu ni mwili wa mwanamke. Wa kwanza asipozaa huletwa wa pili, na wa pili naye asipozaa ndipo wazee huanza kukohoa.

Mwanamke mila imemtafutia njia. Kwa jirani zetu Wakurya wa Tarime kuna nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwenzake, aje azae katika nyumba yake. Hufanyika mchana, ng'ombe wakihesabiwa. Lakini la mwanamume husemwa usiku. Mdogo wake huvutwa pembeni akaambiwa "aisaidie nyumba ya kaka yake."

Mwaka juzi nilivutwa mimi. Baba mdogo alinambia, kaka yako ana miaka sita ya ndoa, damu yenu ni moja, na mwenye akili haambiwi mara mbili. Nilimjibu, "Baba, tujue kwanza kaka ana tatizo gani." Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Shemeji alikuwa jikoni anakaanga dagaa. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini.

Nilimfuata kaka ziwani. Kumbe alishajipima! Wavuvi wenzake walimfundisha atie shahawa katika glasi ya maji: zikizama ni nzito, wewe mzima, zikielea, basi tena. "Zilizama, mdogo wangu," akanambia. "Mimi sina tatizo."

Hapo ndipo penye uongo unaovunja ndoa nyingi. Shahawa kwa sehemu kubwa ni majimaji ya tezi. Mbegu zenyewe ni kama asilimia 2 hadi 5 tu. Mbegu moja haionekani kwa macho. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona mwaka 1677, na aliziona kwa hadubini. Mtu asiye na mbegu hata moja anaweza kuwa na shahawa nzito kama uji, na nguvu zake za kiume zikawa timamu.

Dereva mmoja rafiki yake alimletea kaka kipimo cha dukani. Unakaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, unatoa shahawa kikombeni, unasubiri kama dakika 20 ziyeyuke, kisha unadondosha matone. Mistari miwili, idadi imefika. Mstari mmoja, iko chini. Kaka alijifungia chumbani, akatoka kimya. Ulikuwa mmoja.

Nilimsihi asiukubali kama hukumu. Kipimo kile huhesabu tu. Hakioni kama mbegu zinaogelea wala kama zina umbo zuri. Tena wiki chache nyuma alikuwa amelala na homa kali ya malaria, na homa hupunguza mbegu. Mbegu moja huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo hupimwa tena baada ya miezi mitatu. Hata kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, mbegu milioni 16 kwa mililita moja, si ukuta: katika kila wanaume 100 waliowapa wake zao mimba ndani ya mwaka, kama watano walikuwa chini yake.

Alikwenda hospitali Mwanza, akarudia baada ya miezi mitatu. Jibu: zipo, ila chache, na nyingi haziendi mbele. Daktari alimuuliza kuhusu kisonono cha ujanani na matumbwitumbwi. Dawa akaanza, na sigara akaacha.

Jumapili moja aliwaita mama na baba mdogo, shemeji akiwepo. Akasema, "Msimuulize tena huyu. Tatizo liko kwangu, na karatasi hii hapa." Mama alilia. Baba mdogo alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga, na mpaka leo salamu yangu anaiitikia kwa shingo upande.

Mtoto hajapatikana bado. Habari ya mke wa pili imekwisha, na mimi sivutwi tena pembeni. Shemeji siku hizi huenda kisimani na wenzake asubuhi. Zamani alikuwa akisubiri jua lizame ndipo aende.

Vijana wenzangu, mke akipelekwa kupimwa, mume naye aende siku hiyo hiyo.