Kamera Iliyosingiziwa

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, likizo ya Agosti, na jua la Gachoka lilikuwa limeshaanza kuuma. Mjomba wangu, ambaye ni mwalimu mjini Embu, alikuwa amelala kwa nyanya ili gari lake lishibe umeme. Msomaji mpenzi, usicheke. Gari lenyewe ni Nissan Leaf, lile lisilojua petroli wala dizeli. Waya mrefu ulitoka sebuleni, ukapitia dirishani hadi puani mwa gari, likanyonya usiku kucha huku nyanya akiuliza kila mara kama tokeni zake zitabaki. Mimi hufurahi nikiliona. Mabwawa ya Kamburu na Gitaru, ya mwaka 1974 na 1978, yako hapa chini kwetu kwenye mto Tana, na yalipeleka umeme Nairobi miaka mingi kabla ya nguzo ya kwanza kufika bomani mwetu nikiwa darasa la nne. Sasa gari ndilo linaufuata umeme kijijini!

Kamera ya nyuma ya gari hilo ilikuwa imekufa. Kwanza picha iliingia ukungu kama kioo cha bafu, kisha skrini ikawa nyeusi ti. Mjomba akasema hakuna neno, si mimi nipo? Kazi yangu ikawa kusimama nyuma na kupaza sauti, "Twende! Twende! Kata kulia! Simama!" kama utingo wa matatu. Niliipenda kazi ile kwa sababu vijana wa barabarani walikuwa wakiniona.

Siku hiyo mjomba alikuwa na haraka ya kwenda Kiritiri mazishini. Nikasimama karibu na mwembe, nikaanza, "Twende! Twende!" Hapo ndipo pikipiki mbili za bodaboda zilipopita zikishindana kwenye barabara ya Embu, moja ikiwa na gunia la muguka kubwa kuliko mwenyewe. Niligeuka kuzitazama. Kinywa changu kikaendelea peke yake, "Twende! Twende!"

Gari la umeme halina mngurumo. Likirudi nyuma hutoa mlio mwembamba wa onyo, lakini kinu cha posho cha jirani kilikuwa kimepamba moto. Nilichosikia ni pwaa! Nikageuka. Mtungi wa maji wa lita 20, ule wa manjano, ulikuwa umelala chini ya gurudumu ukiwa bapa kama chapati. Hatua moja tu kutoka hapo bintiye mjomba, wa miaka mitatu, alikuwa amechuchumaa akichora mchangani kwa kijiti. Wala hakushtuka. Alinyoosha kijiti, akasema, "Baba, umevunja mtungi wa cucu."

Mjomba alitoka garini, akamwinua mtoto, akamshika muda mrefu bila kusema kitu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nyanya alipokuja mbio na kuuliza kumetokea nini, mjomba alijibu, "Ni hii kamera, mama. Kamera ndiyo imetaka kuniulia mtoto." Watu wote wakailaumu kamera. Jirani wa kinu akailaumu. Nami, aki ya Mungu, nikaitikia kwa kichwa.

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Baadaye nilisoma kwamba Marekani kuna sheria ya mwaka 2008 iliyopewa jina la mtoto wa miaka miwili, aliyekufa mwaka 2002 chini ya gari la babake mwenyewe likirudi nyuma. Kwa sababu ya sheria hiyo, tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa kule lazima liwe na kamera ya nyuma. Niliposoma neno "babake" nilifunga kitabu kwanza.

Wiki tatu baadaye mjomba alirudi na kamera mpya kwenye kikasha kidogo. Ile halisi ya kutoka Japani ilikuwa ghali mno, akanunua ya kawaida. "Wewe ni mtu wa Fizikia," akaniambia, "njoo tufanye wenyewe." Kwanza alinionya kuhusu waya nene za rangi ya machungwa: hizo ni za betri kubwa ya volti 360 hivi, na hazichezewi hata na mtu mwenye kiburi. Kamera haihusiani nazo. Iko upande wa betri ndogo ya volti 12, sawa na gari la mtu yeyote. Tukaitoa waya hasi ya betri hiyo, kisha tukaibandua plastiki ya ndani ya mlango wa nyuma polepole, vibanio vikilia tak, tak. Kamera ya zamani ilikaa juu ya nambari ya gari. Tulipoichomoa, tone la maji lilitoka ndani yake.

Tuliunganisha mpya kwenye waya zilezile. Tukarudisha betri, mjomba akatia gia ya nyuma, mguu ukiwa kwenye breki. Skrini nyeusi. Tukahangaika karibu saa nzima, mpaka nilipopima kwa mita: waya wa gari ulikuwa unatoa volti 6 tu, na kamera yetu ilitaka 12. Ni kama kumpa mlevi wa chai nusu kikombe. Basi umeme tukauchukua kwenye taa ya kurudi nyuma, ambayo huwaka gia ile ikiingia, na waya wa picha tukauacha pale pale. Picha ikaja! Nyanya akapiga kigelegele.

Lakini nilisimama upande wa kulia wa gari, mjomba akasema ananiona kushoto. Tungeondoka hivyo, siku moja angekwepa kuku akagonga mtu. Karatasi ya kamera ilieleza kwamba kuna kitanzi cha waya ya kijani, ukikikata picha inageuka kama ya kioo. Tukakata. Nikahamia huku na huku, mjomba akipaza sauti, "Sawa! Sawa!"

Kisha akaniambia niweke kitu chini, aone kama kamera inafika karibu na bampa. Kilichokuwepo ni ule mtungi bapa. Nyanya alikuwa akiutumia kulishia kuku. Niliuweka palepale ulipokuwa siku ile. Nikaenda dirishani kutazama, nikauona kwenye skrini, wa manjano, na mchanga mtupu kando yake.

"Mjomba," nikasema, "siku ile sikuwa naangalia. Nilikuwa naangalia bodaboda."

Alikaa kimya, mkono ukiwa bado juu ya ile gia ya duara kama kipanya cha kompyuta.

"Najua," akasema. "Nilikuona kwa kioo cha kando umenipa mgongo. Na bado nikarudi, manake nilikuwa nimechelewa."

Akazima gari. Tukarudi nyuma kufunga plastiki, kwa sababu vibanio viwili vilikuwa bado havijaingia.