Enzi za Kengele Kondoa

Mlima upi ni mrefu kuliko yote Ulaya? Nani aligundua penisilini? Alama ya kikemia ya risasi ni ipi? Kwa maswali ya namna hiyo watu walijipatia jina Kondoa miaka ya tisini. Aliyeyaweza aliitwa kipanga, na kipanga aliheshimika mpaka sokoni; wauza karanga walimwongezea kidogo.

Chemsha bongo baina ya shule ilifanyika Jumamosi baada ya usafi, ndani ya bwalo lililonuka maharage. Wanafunzi wanne kila upande, mwalimu wa taaluma na karatasi yake ya maswali, mwingine na saa ya mkononi. Kengele ilikuwa moja, ya mezani, iliyoazimwa ofisini kwa mkuu wa shule. Timu ya pili iligonga glasi kwa kijiko. Kengele ikiwa upande huu na glasi upande ule, hakuna jaji atakayewaridhisha watu kuhusu nani aliyetangulia. Wapo watu wazima hapa mjini ambao kesi hiyo hawajaifunga hadi leo.

Siku hizi kila semina ya walimu inaponda kukariri. Wanaoponda hawakuliona bweni letu. Kitabu cha Fizikia cha Abbott kilikuwa kimoja, na cha Kemia cha Lambert kimoja, vyote vikizunguka kwa zamu. Ukikipata usiku wa leo, na kibatari chako, ulijua hutakiona tena mpaka mwisho wa muhula. Utafanya nini kama si kukimeza? Kukariri ndiko kulikuwa maktaba yetu.

Kilichonisumbua mimi ni kingine. Maswali yaliulizwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kirangi amelelewa kwa Kirangi, akasoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kila kipindi isipokuwa kimoja. Jibu analo, ila bado analivusha kutoka lugha moja hadi nyingine, na kengele haimsubiri. Walioshinda mara nyingi hawakuwa wenye kujua zaidi. Walikuwa wepesi wa kusema.

Tena hakuna aliyetuuliza kuhusu Kondoa. Dirisha la bwalo lilitazama makorongo, yale yale yaliyoifanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 kuondoa mifugo katika eneo lililoharibika zaidi. Michoro ya mapangoni ya Kolo, ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, iko mwendo mfupi kwa basi. Tulijua mito ya Ulaya kwa mpangilio wa urefu. Korongo lililokula shamba la jirani halikuwa na maksi.

Nilipokuwa nimeshaanza kufundisha, mwaka 2007, ikaja Celtel Africa Challenge kwenye televisheni, baadaye Zain Africa Challenge. Ilikuwa ya vyuo vikuu, ikaanza na Kenya, Uganda na Tanzania, na mwendeshaji wake alikuwa John Sibi-Okumu, Mkenya mwenye sauti ya kumfanya hata mjinga ajione msomi. Tuliitazama dukani kwa jirani mwenye jenereta. Jumatatu yake wanafunzi wangu walikuwa wakimwigiza Sibi-Okumu, tai ya shule ikiwa imekazwa mpaka kooni, na wote wakidai vibonyezo vya taa badala ya glasi. Mwaka 2010 Zain ikaiuzia Bharti Airtel biashara yake ya Afrika, na kipindi kile sikukiona tena. Ghana wana bahati: shindano lao la sayansi na hisabati kwa sekondari limekuwapo tangu 1993, na mpaka leo miji inazozana kwa ajili yake kama sisi kwa Simba na Yanga.

Wakati huohuo shule zenyewe ziliongezeka. Kuanzia 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), karibu kila kata ilijenga sekondari yake. Maabara hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Kumpeleka mtoto wa shule ya kata agonge kengele na mtoto wa Ilboru, Kibaha au Mzumbe kulikuwa kumtafutia aibu.

Ndiyo maana mwaka 2011 yalipoanzishwa maonyesho ya Young Scientists Tanzania niliyapokea kwa shangwe. Wazo lilitoka Ireland, ambako maonyesho kama hayo yalianza mwaka 1965. Wanafunzi wawili na mwalimu wao wanachagua swali lao wenyewe, wanalitafiti, na wanaochaguliwa wanakwenda Dar es Salaam kulieleza mbele ya majaji. Kengele hakuna.

Wasichana wawili wa kidato cha tatu walichagua korongo. Walipiga vigingi kandokando ya ukingo kabla ya mvua, wakawa wanapima. Kisha wakamfuata mzee mmoja wa kijijini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnatafuta nini huko shimoni na kamba?"

Walipomweleza aliwaongoza hadi kwenye kisiki, akawaambia ukingo ulikuwa hapo mwaka ule ng'ombe walipoondolewa. Kipimo hicho hakimo kwenye kitabu chochote nilichowahi kukariri. Hawakuchaguliwa kwenda Dar. Takwimu zao bado ziko ukutani katika chumba cha walimu.

Hata hivyo maonyesho hayana bwalo la kupiga kelele, na Baraza la Mitihani nalo, mwaka 2023, liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora. Sababu zao nazielewa. Ila mtoto wa kidato cha pili anahitaji kipanga wa kumkodolea macho. Kwa hiyo Ijumaa kengele yetu bado inalia, kwa sharti kwamba maswali wayatunge wanafunzi wenyewe na nusu yatoke wilayani.

Juzi swali lilikuwa: nani walichora Kolo? Mtoto wa Kisandawe aligonga wa kwanza, akasema mababu zake. Mrangi akapinga, akataka ushahidi. Karatasi ya mwuliza swali iliandikwa "watu wa kale" tu. Nilimpa Msandawe maksi, kwa kuwa wapo wataalamu wanaosema kama yeye. Timu ya Warangi ikakata rufaa kwa maandishi, kurasa mbili, kwa Kiingereza safi. Nitaisikiliza Ijumaa.