Hela ya babu

Haya wadau, nimerudi hosteli jana usiku na basi la kutoka Tukuyu. Mgongo unauma, ndizi zimejaa chini ya kitanda, karibuni. Nilikuwa nyumbani Bagamoyo (si ile ya Pwani jamani, yetu ni ya Rungwe, ya mvua na migomba).

Kabla ya likizo, mwenzangu wa chumbani alinionyesha picha za sarafu za dhahabu zenye wanyama wa kalenda ya Kichina. Kila mwaka na mnyama wake, panya, ng'ombe, sungura, mpaka 12 watimie, halafu wanaanza upya. Australia wanazitoa tangu 1996 na kuna watu wanazikusanya seti nzima. Nikamwambia, hata kwetu ipo ya tembo! Mwaka 1916, vita imewabana, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Zilitoka kama 16,000 tu, ndiyo maana wakusanyaji wanazigombania.

Sasa babu ana sarafu ya njano, imefungwa kwenye kitambaa tangu enzi za baba yake. Imeandikwa 1916, na herufi T. Kuna jamaa akawa anamfuatafuata, eti hiyo ni dhahabu ya Mjerumani, mnunuzi yupo, babu atoe tu laki mbili za "kupimia". Babu alishaamua kuuza ndama. Na hela ya dhahabu aliipangia ada yangu ya mwaka wa tatu.

Nikaiomba niione. Hakuna tembo. Kuna taji, na upande wa pili 20 Heller. Ni shaba ya njano, zilitengenezwa Tabora hiyohiyo, tena kwa wingi.

Yaani kumwambia mzee ni kazi kuliko kufundisha huku msimamizi amekaa nyuma na karatasi yake.

"Babu, hii si dhahabu. Inaitwa heller, ndiko lilikotoka neno hela."

Akaigeuza mkononi, kimya. Mvua nje inapiga bati.

"Kwa hiyo ni hela kweli?"

"Ni hela kweli, babu."

Akacheka mpaka akakohoa. Jioni jamaa alipopiga simu, babu akamwambia ndama ana mafua.

Ada bado sijui itatoka wapi. Sarafu amenipa, iko kwenye mkebe wangu wa kalamu.