Tanuru Linaloonekana

Neno "wazi" ni jepesi kulitamka na zito kulitimiza. Mlango waweza kuwa wazi na chumba kikawa na kiza. Siku hizi neno hilo, pamoja na ndugu yake "huria", limeingia katika matangazo ya mashine na vifaa vya umeme, na wauzaji wamelipenda mno. Hebu tulitazame, msomaji, tukiwa huku huku Ufipa.

Katika mashamba ya Nkasi na kwingineko katika nyanda hizi za juu bado yamesimama malungu, yale matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kama mita 3 hivi. Hayakuhitaji mivukuto, hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, aliyachunguza katika tasnifu yake ya mwaka 1995.

Ilungu lilisimama peupe, kila mpita njia akaliona. Lakini dawa zilizokaa katika kikapu cha intangala, pamoja na miiko ya kazi, zilikuwa mikononi mwa fundi mkuu na wachache aliowarithisha. Sisemi kwamba siri ndiyo iliyoyazima matanuru. Majembe yaliyoletwa kutoka ng'ambo yalichangia sana. Nasema tu kwamba kitu kuonekana si kitu kufunuliwa.

Jambo hilo limetugusa mifukoni. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama mjini Sumbawanga. Tulichanga, tukanunua mashine ya kutotolesha vifaranga ambayo tangazo lake liliiita "teknolojia huria". Siku ya 12 joto lilipanda, likagoma kushuka, na mayai yote yakaharibika. Fundi wetu wa redio alipoifungua alikuta namba za chipu zimekwanguliwa. Tukaomba mchoro wa saketi. Tuliletewa picha nzuri ya rangi ya mashine, pamoja na maelezo kwamba michoro ni ya mafundi wa kampuni tu, na kwamba tuisafirishe hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000.

Je, hiyo ni huria? Wapo waliokwisha kukaa wakaliwekea neno hili mipaka. Tafsiri ya vifaa huria iliyotolewa mwaka 2011 inataka michoro iwekwe hadharani katika umbo lile lile ambalo mbunifu mwenyewe hulitumia anapoirekebisha. Picha haitoshi. Tena kila mtu aruhusiwe kuisoma, kuibadili, kuunda kifaa hicho na hata kukiuza. Leseni inayosema "nakili, lakini usifanye biashara" yaweza kuwa ya mtu mkarimu, lakini si huria. Vilevile huria si bure: kifaa huria huuzwa kwa bei kama kitu kingine chochote. Wala si ruhusa ya kughushi. Bodi ya Arduino, iliyoanza Italia mwaka 2005, waweza kuinakili, lakini jina lake huna ruhusa ya kulibandika juu ya kazi yako.

Mfano wa kweli upo karibu. Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza, kikishirikiana na karakana ya STICLab ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara, kiliendeleza hadubini ya OpenFlexure, ambayo sehemu zake nyingi huchapwa kwa plastiki. Ilifanyiwa kazi ya kutazama vimelea vya malaria. Michoro yake ina leseni ya vifaa huria ya CERN, na fundi wa Kitanzania aweza kuiunda na kuiuza bila kumpigia mtu magoti. Hata hivyo kompyuta yake ndogo, Raspberry Pi, yenyewe si kifaa huria. Kumbe uwazi una kiasi, na mwungwana husema umeishia wapi.

Simlaumu mwenye kuficha. Kampuni ya MakerBot ya New York ilikua kwa michoro huria, kisha mwaka 2012 ikaficha ya mashine yake mpya, Replicator 2. Ubunifu una gharama, na kuigwa kunauma. Fundi mkuu wa ilungu naye alikuwa na haki ya kufunga kikapu chake, na sijasikia kwamba aliwahi kuwaambia watu kiko wazi. Kosa ni kuuza siri kwa jina la uwazi, kwa maana mnunuzi wa mbali hulipia jina hilo akitumaini kwamba siku ya kuharibika fundi wa mtaani atamsaidia.

Kikundi chetu kimeanza kuchanga tena. Safari hii tumekubaliana kwamba mchoro wa saketi utafika kwa fundi kwanza, na akisema anaweza kuufuata, ndipo fedha zitatoka.