Darubini Kuukuu na Ziwa la Rutland



Wasomaji watukufu, wengi wenu mmetuuliza habari za safari ya watoto wa madrasa ya Jumamosi. Wengine, kwa sauti ya chini zaidi, mmetuuliza habari za fedha. Maswali yote mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe laanzia kwenye darubini.

Sisi wa kamati ya wazazi hapa Leicester tulikuwa tumeona jambo la kusikitisha. Watoto wetu wazijua barabara za mji huu na maduka yake, lakini nchi iliyo nje ya mji ni kana kwamba si yao. Wakipita shambani ndani ya gari, hawainui hata uso. Ilhali upande wa mashariki, mwendo usiofika saa moja, liko ziwa la Rutland, ambalo watu hulijia kutoka mbali kwa ajili ya kutazama ndege. Tukaazimia kuwapeleka. Wazazi wakachanga pauni 120 ili tununue darubini moja itakayotumiwa na wote kwa zamu.

Twasema darubini ya jicho moja, isimamayo juu ya miguu mitatu, wala si ile ya macho mawili ivaliwayo shingoni. Ile ya shingoni aghalabu hukuza mara 8 au 10. Hii hukuza mara 20 hadi 60, na ndege aliye ng'ambo ya maji huweza kuonekana hata rangi ya jicho lake. Mpya zilizo bora bei yake yazidi pauni elfu moja, basi kwa watu kama sisi hapakuwa na njia ila kutafuta iliyokwisha kutumika.

Hapa ndipo tulipokosea, na hatuna budi kuyasema wazi. Tuliona tangazo, tukampigia simu mwenyewe, tukakutana naye jioni katika uwanja wa kuegesha magari. Mvua ilikuwa ikinyunya. Darubini ilikuwa inang'aa kama ya juzi, na mfuko wake haukuwa na hata doa. Tulichungulia taa za barabarani, tukaziona, tukahesabu pauni 120, tukaondoka kwa furaha. Asubuhi yake, jua lilipotoka, tuliielekeza kwenye mti wa jirani. Mti ulikuwa umefunikwa na ukungu. Tulifuta kioo cha mbele, tukafuta na cha jichoni, ukungu haukuondoka, kwa sababu ulikuwa ndani. Tulipoimulika kwa tochi tuliona nyuzi nyeupe zimetambaa juu ya kioo cha kati mithili ya utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Fundi alituambia kwamba gharama ya kuifungua na kuisafisha itapita bei tuliyonunulia. Yule muuzaji hakupokea simu tena.

Wahenga walisema rahisi yavunja upishi. Lakini upishi huu haukuwa wetu peke yetu. Ilikuwa amana ya watu, na wamo miongoni mwenu waliochanga kutokana na mshahara wa kufagia maofisi usiku. Tulikaa siku tatu hatujui tuwaelezeje. Siku ya nne tukaitisha mkutano, tukaiweka darubini mezani, tukawasha tochi, tukamwita kila mzazi aje ajionee. Kisha tukasema kwamba fedha hizo tutazilipa sisi wenyewe. Hakuna aliyepaza sauti. Mama mmoja akasema, "Yaliyopita tumeyasikia. Sasa tuambieni, ya pili mtainunuaje?"

Jibu alilitoa mzee wetu mmoja, mtu wa Lamu, aliyekuwa baharia ujanani mwake. "Wanangu," alisema, "jahazi halinunuliwi maji yamejaa. Likielea, kila jahazi ni zuri. Ngojeni maji yatoke, lilale mchangani, mzunguke chini mtazame mbao zilizoliwa na wadudu."

Maneno hayo tuliyashika, tukaenda kuuliza wajuzi, na haya ndiyo tuliyoyapata. Darubini hununuliwa mchana, kukiwa na mwanga. Kwanza imulikwe kwa tochi upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili, ili kuvu, vumbi na vioo vilivyoachana gundi vionekane. Zilizo bora huzibwa kabisa na kujazwa hewa ya naitrojeni ili unyevu usiingie. Ukiona ukungu ndani, ujue muhuri wake umekatika. Itikiswe taratibu karibu na sikio, maana kisichokazwa kitagonga. Gurudumu la kulenga lizungushwe mwanzo hadi mwisho, liende kwa ulaini. Kisha usome maandishi ya kibao kilicho mbali, halafu uangalie tawi jeusi mbele ya mbingu nyeupe: kioo duni huchora ukingo wa zambarau au kijani kandokando ya tawi.

Wala ukubwa wa namba usikuhadae. Ukuzaji ukipita mara 40, mara nyingi picha hufifia na mtetemo wa hewa ya joto huiharibu. Lililo muhimu zaidi ni upana wa kioo cha mbele, kwa kuwa ndicho kikusanyacho mwanga. Milimita 80 huona alfajiri kuliko milimita 60, ingawa huongeza uzito begani. Na miguu mitatu iwe imara, kwani darubini ya thamani juu ya miguu inayotetemeka ni sawa na kusoma barua ndani ya gari lipitalo kwenye mashimo. Mwisho, kwa wenye watoto, ichaguliwe ile ambayo sehemu ya jicho imeinamia juu. Husimamishwa kwa kimo cha mtoto, na mtu mzima akainama; iliyonyooka haina huruma hiyo.

Ya pili tuliipata kwa mzee wa Kiingereza aliyestaafu, katika mji mdogo tusioutaja kwa kuwa hakutupa ruhusa. Ilikuwa Kowa ya Kijapani, kioo chake cha mbele milimita 77, rangi imebanduka, na ubavuni ina kovu la kuanguka juu ya mwamba. Kabla hatujatoa tochi yetu, yeye alitoa yake. Akatuonyesha kovu, akatuonyesha mkwaruzo pembeni mwa kioo, akatuambia kwamba gurudumu huwa gumu siku za baridi kali. Kisha akatusimamisha bustanini kwake, akatuacha tuchungulie hadi tukaona haya. Alitaka pauni 140 pamoja na miguu yake. Aliposikia kwamba ni ya watoto alipunguza 20, akaongeza kitambaa cha kufutia. Dini yetu yatufundisha kwamba muuzaji hana ruhusa ya kuficha aibu ya bidhaa yake. Siku ile tulilipata somo hilo bustanini mwa mtu asiyekuwa wa dini yetu, nasi tukanyamaza tukalipokea.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Juni tukaenda Rutland. Ziwa lile si la asili. Katika miaka ya 1970 bonde la mto Gwash lilizibwa kwa boma ili kupata maji ya miji, na kitongoji cha Nether Hambleton kikazama. Kanisa la Normanton liliokolewa kwa kujazwa kifusi ndani na kuzungushiwa tuta. Leo lasimama ukingoni kana kwamba limeingia majini hadi kiunoni. Watoto walilitazama sana. Mmoja aliuliza waliokuwa wakiishi chini ya maji walikwenda wapi. Tulimjibu kwamba walihama, kama sisi.

Tuliswali adhuhuri juu ya majani, kisha tukashuka kupitia kituo cha Lyndon hadi kwenye kibanda cha mbao chenye madirisha membamba. Mbele yetu, mbali juu ya maji, palikuwa na mlingoti wenye kiota. Kwa macho matupu kilikuwa kifurushi cha vijiti tu. Tulifunga miguu, tukaelekeza Kowa yetu, na mtoto wa kwanza alipoweka jicho alipiga ukelele hata tukamziba mdomo. Alikuwa osprey, ndege mwinda samaki, mgongo wa hudhurungi na kichwa cheupe chenye mstari mweusi uliopita jichoni. Ameshika samaki, na makinda wamenyoosha shingo.

Mwangalizi wa pale akatueleza kwamba ndege hawa walikuwa wametoweka Uingereza ya kati kwa zaidi ya karne moja, kwa kuuawa na kuibiwa mayai. Kuanzia mwaka 1996 makinda waliletwa Rutland kutoka Scotland, na mwaka 2001 akatotolewa wa kwanza hapo hapo. Mwisho wa kiangazi huruka hadi Afrika Magharibi, nchi kama Senegali na Gambia. Kinda huenda peke yake, bila ya mama wala baba, asijapata kuiona njia. Hukaa huko hadi mwaka wake wa pili au wa tatu, na akijaaliwa uhai hurejea kaskazini, madume hasa wakitafuta pale pale walipozaliwa.

Binti mmoja, ambaye hajapata kuiona Mombasa ya nyanya yake, aliitoa jicho darubini akauliza: "Sasa kwao ni wapi, huku au kule?" Tulitazamana sisi wakubwa. Hakuna aliyekuwa na jibu, na foleni ilikuwa ndefu, basi tukamwambia atazame tena kabla zamu yake haijaisha.

Darubini imehifadhiwa mahali pakavu, na familia yoyote yaweza kuiazima kwa wiki moja. Tafadhali msiielekeze juani hata kidogo, kwani hupofusha. Ndege wale huanza kuondoka mwezi wa Agosti. Watakaotaka kuwaaga na wajiandikishe mapema. Ile mbovu nayo tumeiweka, pamoja na tochi yake, kwa ajili ya kufundishia.

Wassalaam.