Babu Hajanawa

Nilisomea ualimu Mpwapwa, enzi ambazo Kongwa ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mpwapwa. Nikapata cheti cha Daraja la III A, nikarudi kwetu Kongwa, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nikaimaliza na watoto wa darasa la awali. Wageni wakisikia Kongwa hukumbuka mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 ukawafia mikononi, au kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kazi yangu haikuhusiana na hayo mambo makubwa. Mimi nilishughulika na makamasi, mikeka na vitabu vya picha.

Watu hudhani mtoto huja shuleni kufundishwa kugawana. Wa kwetu walikuja wakijua. Mtoto wa Kigogo amekula ugali wa uwele na mlenda kwenye sahani moja na ndugu zake tangu alipoweza kukaa. Hamegi kabla ya mkubwa, na akipewa kitu hupokea kwa mikono miwili. Kigeni kwake kilikuwa kitabu. Ugali kila mkono unaufikia, lakini kitabu anayekishika ndiye anayekiona. Waliokaa pembeni walivuta, kurasa zikachanika. Wapo waliojitafutia njia: walikaa upande wa pili wa mkeka, wakazoea kutazama picha, na baadaye hata herufi, zikiwa kichwa chini miguu juu. Ukimgeuzia mmoja wao kitabu upande ulio sawa, analalamika kwamba umekiharibu.

Nikagawa kazi. Kila kitabu watoto wanne: mmoja anashika, mmoja anafunua, mmoja anasimulia, mmoja anauliza. Hadithi ikiisha wanapokezana. Naamini kupokezana kule kuliwafunza mengi kuliko hadithi zote za fisi mlafi nilizowahi kuwasomea.

Vitabu vyenyewe vilikuja kidogokidogo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, uliwakutanisha waandishi, wachoraji na wachapishaji wa nchini, ukanunua nakala na kuzigawa shuleni. Pale ambapo havikufika, tulichora wenyewe kwenye manila na mifuko ya salfeti. Januari 2016 ada na michango ilipofutwa, darasa likafurika. Mwaka huohuo ukatoka mtaala wa elimu ya awali uliotaja kuhusiana na wengine kuwa mojawapo ya umahiri wa kujengwa, pamoja na kuwasiliana na kutunza afya. Kwenye karatasi ilisomeka vizuri. Darasani ilikuwa kukohoa na kusukumana.

Kulikuwa na kitabu kimoja, jina lake nalihifadhi, kilichokusudiwa kufundisha ukarimu. Watoto wamemkaribisha babu mezani, wote wametia mikono kwenye sahani, wanatabasamu. Chini ya ukurasa wa mwisho mwandishi kaweka funzo lake. Kabla sijafika huko binti mmoja akaruka: “Mwalimu, babu hajanawa!” Darasa zima likasogea kukagua. Kweli, hakuna kopo la maji, hakuna beseni, na hakuna mtoto aliyesimama kumnawisha mzee. Wakajadiliana: labda babu alinawa nje, labda hawa watoto hawakufunzwa, labda maji yamekwisha. Hilo la maji Kongwa si la kubuni. Somo la adabu nililolitafuta likawa limefanyika, na mwandishi hakuwa na habari. Tangu siku hiyo funzo la ukurasa wa mwisho nililifunika kwa kipande cha manila.

Tena kwetu kugawana kuna mpaka wake. Kongwa ni nchi ya trakoma, ule ugonjwa wa vikope unaopofusha. Huambukizwa kwa vidole, kwa nzi, na kwa kitambaa kimoja kinachopangusa nyuso nyingi. Watafiti walikuja kuwahimiza wazazi wa vijiji vyetu kuwanawisha watoto uso, na mwaka 1995 jarida la Lancet likachapisha matokeo: mtoto mwenye uso safi alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na trakoma kali. Basi mimi asubuhi nasema gawaneni kitabu, gawaneni uji, na papo hapo nasema khanga ya mama usimpanguse nayo mdogo wako baada ya kujipangusa wewe. Mtoto wa miaka mitano anaona mwalimu amechanganyikiwa. Maneno hayakutosha, nikachora nyuso mbili na nzi anayeruka kutoka jicho hadi jicho, na kopo dogo la maji pembeni. Nzi yule walimchukia kwa dhati. Wakawa wanafika wamenawa, na asiyenawa wenzake wanamwonyesha nzi ukutani. Nikalazimika kuwafundisha pia kutomcheka mwenzao, maana nyumbani kwake huenda maji yalikosekana kweli.

Sasa nimestaafu, na bado naletewa vitabu vipya kuvitazama. Vingi vina rangi nzuri, na vingi vinaishia kwa mahubiri. Ombi langu kwa waandishi na wachoraji ni hili: msichapishe kabla hamjakipeleka kitabu chenu kwenye darasa la awali la kijijini, mkakaa nyuma kimya, mkawasikiliza watoto wakikikosoa.